Pingili ya Kumi, Kushoto

Kuna kijiti chembamba cha chuma ambacho sisi wapasuaji wa mgongo hatukai nacho mbali. Ncha yake ina kitufe kidogo, mfano wa punje ya mtama. Ukishatoboa njia ya skrubu ndani ya pingili, unakitumbukiza kijiti hicho na kupapasa: ukuta wa juu, wa chini, wa ndani, wa nje, halafu sakafu. Mfupa hukujibu, unausikia vidoleni ukikwaruza, mkavu, kama ndani ya kifuu kilichokwisha kukunwa. Nyama laini haijibu kitu. Kijiti kinazama tu.

Siku ile, kwenye pingili ya kumi ya kifua, upande wa kushoto, sakafu haikuwepo.

Naliweka hilo mbele kabla sijaanza kujipamba. Kijiti kilizama. Nikakichomoa, nikapapasa tena kwa pembe nyingine kidogo, kikagota. Kati ya majibu mawili ya mkono wangu mwenyewe nikachagua lile nililolipenda.

Mgonjwa alikuwa mkwezi wa minazi, kijana wa miaka 26, kutoka kijiji kimoja cha pwani kusini mwa Dar es Salaam. Mnazi ulikuwa umelowa mvua ya usiku. Aliteleza akiwa karibu kuyashika makuti, akafikia makalio. Anayeanguka hivyo huumia sana pingili ya kumi na mbili ya kifua, kwa sababu hapo ndipo mgongo wa juu, ulioshikwa na mbavu, unapokutana na kiuno kinachopinda, na kishindo huishia papo hapo. Yake ilipasuka, kipande cha mfupa kikarudi nyuma kuubana ugwe wa mgongo. Walimleta nyuma ya pikapu, amelazwa juu ya mlango uliong'olewa bawaba. Vidole vya miguu vilicheza. Miguu yenyewe haikuinuka.

Kazi ya namna hiyo nimeifanya mara nyingi. Unaondoa kipande kinachobana, kisha unaituliza pingili iliyovunjika kwa kuwashika majirani zake: pingili mbili za juu, mbili za chini, skrubu mbili kila moja, zote nane zikafungwa kwenye nondo mbili. Skrubu hupitishwa kwenye pediko, kijidaraja cha mfupa kinachounganisha nyuma ya pingili na mwili wake wa mbele. Mfaransa Raymond Roy-Camille ndiye aliyeanza kuitumia njia hiyo Paris mwaka 1963, na mpaka leo tunaitegemea. Tatizo lake ni ujirani. Upande wa ndani wa kidaraja, nyuma ya ukuta mwembamba mno, upo ugwe. Upande wa nje lipo pafu. Na mbele kushoto ipo aota, mshipa mkuu unaotoka moyoni. Aota hushuka kifuani imeegemea ubavu wa kushoto wa pingili, ikijisogeza katikati kidogo kidogo, hadi mbele ya pingili ya nne ya kiuno inapogawanyika kuelekea miguuni. Kwenye pingili ya kumi ya kifua bado iko kushoto, imelala juu ya mfupa kama paka ukutani.

Kwenye trei zilibaki skrubu za milimita 35 na za 45. Za 40 zilikuwa zimekwisha. Nikachukua ya 45. Msije mkanihurumia kwa ajili ya trei: za 35 zilikuwepo, na zingetosha. Nilitaka skrubu inayong'ata zaidi.

Mashine yetu ya eksirei ya thieta, ile yenye umbo la herufi C, ilikuwa imepata joto na inagoma kila baada ya picha chache. Nilipiga ya ubavuni peke yake. Skrubu ilionekana imeishia ndani ya mfupa, na nafasi ikabaki mbele yake. Udanganyifu wa picha hiyo nilikuwa nikiufundisha mimi mwenyewe darasani. Mwili wa pingili ni wa mviringo kwa mbele, kama pipa. Lilaze pipa mbele yako ulitazame kwa ubavuni: msumari uliotokeza begani mwake utauona kama umo ndani, kwa sababu tumbo la pipa limeutangulia. Skrubu iliyotoboa mbele kushoto hujificha vivyo hivyo, na dawa yake inajulikana, ni kupiga na picha ya mbele na ya mshazari. Sista aliyekuwa akinipa vifaa akauliza, "Dokta, tusubiri ipoe tupige na ya mbele?"

"Inatosha," nikamwambia.

Damu nayo haikutoka, na hilo likanituliza, ingawa halikupaswa kunituliza hata kidogo. Tangu Linton na White walipoandika mwaka 1945 kuhusu mishipa ya tumbo iliyotobolewa wakati wa upasuaji wa diski, tunafundishana kwamba mshipa ukichomwa mbele ya mgongo damu humwagikia huko huko mbele, tumboni au kifuani, na kidonda cha nyuma kinaweza kubaki kikavu kabisa. Kinachokuamsha ni shinikizo la damu likishuka ghafla. Nilimuuliza mtaalamu wa usingizi, akasema shinikizo liko vizuri. Nikafunga.

Siku ya pili mgonjwa alipelekwa siti skani, tuone kama ugwe umepata nafasi. Ulikuwa umepata. Ripoti ilizungumzia ugwe na pingili iliyovunjika, kama tulivyoomba. Skrubu za juu haikuzigusia. Jioni, wenzangu wamekwisha kuondoka, nikazifungua picha peke yangu na kupanda nazo moja moja. Kwenye pingili ya kumi nikasimama. Chuma kwenye siti skani hung'aa na kutawanya miali inayofuta kila kilicho jirani, kwa hiyo anayetaka kutoona amepewa nafasi. Lakini ilionekana. Ncha ilikuwa imetoka nje ya mfupa milimita sita, na ukuta wa aota ulikuwa umeilalia.

Nilipima mara mbili. Kisha nikafunga kompyuta, nikaandika kwenye faili: "Vyuma vipo mahali pazuri."

Maneno manne. Nimefanya makosa mengine ya mikono maishani mwangu, na namshukuru Mungu ni machache, lakini hakuna hata moja linalonifanya nishindwe kumtazama mtu usoni kama sentensi ile. Mkono ulikosea thieta kwa dakika chache, baada ya saa nne za kusimama. Kalamu ilikosea nikiwa nimekaa, nimekunywa chai, na taa inawaka.

Wapo watakaonitetea. Ni kweli kwamba kati ya wapasuaji kuna mjadala halali juu ya skrubu inayougusa mshipa bila kuutoboa. Wengine huiondoa mapema. Wengine husema, kama mgonjwa hana dalili, kumrudisha thieta ni kumwongezea hatari. Afadhali kuiacha na kumfuatilia kwa picha. Sina ugomvi na wanaoacha na kuangalia. Mimi niliacha bila kuangalia. Sikumpangia picha nyingine wala sikumshirikisha mtu, na mwenye mgongo sikumwambia neno.

Na mambo yalikuwa yakienda vizuri mno kuyaharibu. Wiki ya tatu aliinuka, akatembea na kigongo toka kitandani hadi mlangoni. Mama yake, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kusutana sokoni, alipanda daladala mbili na gari la mkaa kuniletea madafu sita kwenye kikapu. Alikataa kuyaacha kwa sista. Alinisubiri ukumbini mpaka nikatoka, akanishika mikono yote miwili, akaniita mwanangu. "Mwanangu umenirudishia mwanangu," alisema, na wodi nzima ikacheka kwa furaha. Akachanja dafu la kwanza yeye mwenyewe. Nililinywa nikiwa nimesimama.

Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga kama mara 70 kwa dakika, yaani karibu mara laki moja kwa siku. Kila pigo huitanua aota kidogo na kuiachia irudi. Ncha ya skrubu haitanuki. Kwa hiyo ukuta ule ulikuwa ukijisugua kwenye chuma mara laki moja kila siku, na tangu siku ya upasuaji mpaka aliporudi kliniki ilikuwa miezi 14. Hesabu nimeifanya, ni zaidi ya mara milioni arobaini.

Alirudi na maumivu. Hayakuwa yale ya kidonda. Haya yalikuwa ya ndani, kushoto, katikati ya mgongo na kifua, na usiku yalimwamsha. Kwenye zahanati ya kwao walimwambia ni vyuma, vikizeeka vitazoea, wakampa dawa za maumivu. Mimi nilijua kabla hajamaliza kueleza. Niliagiza siti skani yenye dawa ya rangi ya mishipa, nikashuka mwenyewe chumba cha picha. Ncha ilikuwa imeuingia ukuta wa aota. Pembeni yake kulikuwa na kifuko cha damu cha sentimita moja na nusu, kile tunachokiita aneurizimu ya uongo. Cha uongo kwa sababu hakina ukuta wa mshipa. Kimeshikiliwa na utando na damu iliyoganda tu. Aneurizimu ya kweli ni mshipa uliotanuka. Hii ni tundu lililozibwa kwa bahati.

Nilimpigia simu mwenzangu wa upasuaji wa mishipa. Ni mdogo kwangu kwa miaka kumi, nilimfundisha mafunzoni, na hata leo huniita kaka. Alikuja, akazitazama picha kwa muda mrefu, akauliza:

"Ya baada ya upasuaji ipo?"

Nikamfungulia. Hakuhitaji kupima.

"Kaka, hii uliiona?"

"Niliiona."

Hilo ndilo ungamo langu la kwanza, na nililitoa kwa sababu swali lilikuwa fupi. Hakunihubiria. Aliuliza upana wa aota, akatoa karatasi, akaanza kuchora.

Jambo la kwanza alilolisema ni ambalo mvuvi yeyote aliyewahi kuona mtu kachomwa na mwiba wa taa angelielewa: kisigongwe, kisitikisike, kisichomolewe. Skrubu ile ndiyo iliyotoboa, na ndiyo iliyokuwa kizibo. Ukiitoa kwa bisibisi kutoka nyuma kabla ya kuuziba mshipa, unaondoa kizibo kwenye bomba lenye nguvu kuliko yote mwilini, na huna mkono wa kulifikia.

Njia ya zamani, ambayo bado ni ya lazima pakiwa na usaha, au mahali ambapo vifaa vingine havipo (na sehemu kubwa ya nchi yetu ndiyo hiyo), ni kufungua kifua kwa kushoto kati ya mbavu, kulisogeza pafu, kuibana aota juu na chini ya jeraha, skrubu ikarudishwa nyuma, kisha tundu likashonwa kwa uzi wa polipropilini, au likabandikwa kiraka, au kipande kilichoharibika kikakatwa na kuwekwa bomba la polista. Ushonaji huo wa mishipa una kisa chake. Mwaka 1894 rais wa Ufaransa, Sadi Carnot, alichomwa kisu mjini Lyon, akafa kwa mshipa uliokatika tumboni ambao hapakuwa na aliyejua kuushona. Kijana mmoja wa udaktari mjini humo, Alexis Carrel, akaona ni aibu. Akaenda kujifunza sindano ndogo na nyuzi laini kwa mama mtarizi, na mwaka 1902 akachapisha njia ya kuunganisha mishipa. Mwaka 1912 akapewa tuzo ya Nobel. Watarizi wetu wa kofia Lamu na Zanzibar sijui kama wamewahi kutembelewa na daktari.

Njia ya pili ni kuuziba mshipa kwa ndani. Unatoboa tundu dogo kwenye kinena, unapandisha waya hadi kwenye aota, na juu ya waya unapitisha stenti: bomba la kitambaa lenye kiunzi cha waya wa chuma, limekunjwa kama mwavuli. Likifika mahali pake unalifungua, linajibandika kwenye kuta, na tundu linabaki nje ya njia ya damu. Kwa mwanzo wa njia hii, vitabu vingi humtaja Juan Parodi wa Buenos Aires na mwaka 1990. Lakini miaka mitatu kabla yake, mwaka 1987, Nikolay Volodos alikwisha kuiziba kwa namna hiyo aneurizimu ya uongo ya aota ya kifua, iliyotokana na ajali, mjini Kharkiv, Ukraine. Aliandika kwa Kirusi, na waliokuwa wakisoma Kiingereza hawakumwona kwa miaka mingi. Mimi ninayeandika haya kwa Kiswahili sina budi kumtaja.

Kwa mkwezi wetu palikuwa na mitihani miwili. Aota yake ilikuwa na upana wa milimita 20. Stenti nyingi za aota hutengenezwa kwa wazee ambao mishipa yao imetanuka. Inayofaa huzidi upana wa mshipa kidogo tu, ikizidi sana inajikunja ndani. Yake ilipaswa kuwa ya milimita 22, na haikuwepo nchini. Mtihani wa pili ulinikosesha usingizi zaidi. Kutoka kwenye aota hutoka vijishipa viwili viwili kwenda kwenye pingili, na mshipa mmojawapo, ambao kwa watu wengi hutoka kushoto kati ya pingili ya tisa ya kifua na ya pili ya kiuno, hulisha sehemu kubwa ya chini ya ugwe. Unaitwa kwa jina la Adamkiewicz, aliyeueleza mwaka 1882. Stenti huvifunika vijishipa vyote vinavyopita chini yake. Kijana ambaye nilimpasua ili asipooze angeweza kupooza katika kulirekebisha kosa langu. Tukakubaliana iwe fupi kuliko zote, sentimita kumi, isifunike zaidi ya inavyolazimu.

Kabla ya yote hayo ilibidi aambiwe. Nilikuwa nimejiandalia maneno, na yote yalikuwa ya kihospitali: changamoto, matokeo yasiyotarajiwa, hali iliyojitokeza. Mwenzangu alinisimamisha mlangoni. "Kaka, sema skrubu. Sema mshipa. Sema mimi."

Kijana alikuwa amelala, mama yake yuko kwenye benchi, kanga imefunika miguu. Nilivuta kiti nikakaa.

"Skrubu moja niliyokuwekea ni ndefu mno, na nimeipitisha vibaya. Imetoka nje ya mfupa, ncha yake imeuchoma mshipa mkubwa wa damu. Kosa ni langu."

Kijana akauliza, "Itatoka?"

"Itatoka. Lakini lazima tuuzibe mshipa kwanza."

Nikaeleza yote, pamoja na hatari ya miguu. Alisikiliza akiwa anatazama dari. Nilidhani nimemaliza. Ndipo mama yake akasema:

"Umejua lini?"

Nilikuwa na jibu la kweli ambalo lingenisitiri: kifuko nilikuwa nimekiona juzi. Nililiona jibu hilo likinijia, zuri, limevaa. Mwenzangu alikuwa nyuma yangu, nikasikia amehama mguu.

"Kifuko nimekijua juzi. Skrubu niliijua tangu siku ya pili ya upasuaji."

"Siku ya pili."

"Ndiyo, mama."

Akanyamaza, akihesabu. "Madafu nilikuletea wiki ya tatu."

"Ndiyo, mama."

"Ukanywa."

"Nilikunywa."

Hakusema jingine. Alimvuta mwanawe shuka mpaka kifuani, akaanza kumkanda mkono, polepole, kama mtu aliye peke yake chumbani.

Stenti ilichukua siku tisa kufika. Siku hizo zote tulimlaza, tukamshusha shinikizo la damu kwa dawa za kupunguza nguvu ya pigo la moyo, asikohoe, asijikamue chooni, asinyanyue kitu. Bei ya kipande kile ingenunua shamba la minazi la kutosha familia. Hospitali ilibeba sehemu, ukoo wakachanga, nami nikatoa. Kiasi sisemi, pesa ilikuwa rahisi kuliko lile benchi. Usiku nilipita wodini bila shughuli. Masista walidhani nina bidii.

Siku ya kumi tuliingia kathlabu, chumba cha kazi za ndani ya mishipa. Nilitaka mpasuaji mwingine aitoe skrubu, mwenzangu akakataa. "Njia uliipitisha wewe, unaijua inakoelekea." Alitoboa kinena cha kushoto, akampa heparini damu isigande kwenye waya, akaipandisha stenti mpaka alama zake zikawa juu na chini ya ncha ya skrubu. Kwenye skrini nondo zangu mbili zilionekana nyeusi, zimenyooka, nzuri. Kazi safi, ungesema. Akaifungua. Picha ya rangi ikaonyesha kifuko kimetoweka; damu ilipita moja kwa moja.

Aliuacha waya na katheta mahali pake, puto likiwa tayari kupandishwa na kujazwa kuikata damu iwapo lolote lingetokea, tukamgeuza mgonjwa alalie ubavu wa kulia. Nikafungua kovu langu la zamani. Mfupa uliovunjika ulikwisha kuunga, kwa hiyo nati nne za kushoto nilizifungua na kuinyanyua nondo nzima. Ikabaki skrubu ile. Niliweka bisibisi kichwani mwake.

"Taratibu," akasema. "Mzunguko, simama. Nipige picha. Tena."

Mzunguko mmoja, picha. Mzunguko, picha. Kila aliyekuwemo alikuwa akitazama skrini, mimi nikitazama tundu, nikisubiri jekundu. Ilipotoka yote niliendelea kuishika kwenye bisibisi, sikujua pa kuiweka. Akapiga picha ya mwisho kwa rangi. Hakuna kilichovuja.

Tulipomwamsha, agizo la shinikizo liligeuzwa: sasa lipande, ugwe upate damu kwa vijishipa vilivyosalia. Mrija wa kupunguza maji ya uti tulikuwa nao tayari iwapo miguu ingelegea. Nilisimama upande wa miguu, nikainua shuka.

"Sogeza vidole."

Hakusikia. Nikarudia. Mtaalamu wa usingizi akamwita jina lake sikioni, kwa sauti ya kijijini, ya kumwita mtu aliye juu ya mti. Kidole gumba cha kulia kikacheza. Kisha cha kushoto.

Nilipeleka kesi yote kwenye kikao chetu cha madhara na vifo, pamoja na picha ya siku ya pili na ukurasa wa faili wenye mwandiko wangu. Wakubwa wenzangu waliuliza maswali ya kiufundi, ya ukarimu. Daktari mmoja aliye mafunzoni aliinua mkono nyuma kabisa. "Mwalimu, kama maumivu yasingemrudisha, ungemwita?" Nilimwambia hapana. Ukumbi ulikaa kimya, kisha mwenyekiti akapitisha ajenda.

Siku hizi napima urefu wa kila skrubu kwenye siti skani kabla sijanawa mikono. Kijiti kikizama, njia ile nimeiacha, hata kama mara ya pili kimegota. Mashine ikipata joto tunasubiri. Nilirudi pia kwenye picha za wagonjwa wangu wa nyuma nilizoweza kuzipata, nikitazama kushoto tu, kifuani. Niliwakuta wawili ambao ncha inaukaribia mshipa kuliko ninavyopenda. Niliwapigia simu. Mmoja ana mtambo wa kukoboa mpunga na alicheka akidhani natafuta wateja. Mpaka leo anakuja kupiga picha kila mwaka. Wa pili aliomba nakala ya faili lake, akaenda kwa daktari mwingine. Nilimpa.

Mkwezi hapandi tena. Ananunua nazi kwa wanaopanda, anazipeleka mjini. Stenti ndani ya mwili wa kijana wa umri wake ina miaka mingi ya kukaa, kwa hiyo kila mwaka lazima ipigwe picha, ionekane haijahama wala haivuji. Yeye huja kwa mwenzangu wa mishipa. Kliniki zetu ziko kwenye ukumbi mmoja.

Mwaka huu alikuja na mama yake. Niliwaona kwenye benchi, kikapu kipo miguuni mwa mama, kimefunikwa kanga. Nikaenda.

"Shikamoo, mama."

Alinitazama.

"Marahaba, daktari."